Mama Mgongo na Vitabu 412 Vinavyodaiwa Havisomwi

Usijifanye hukumwona. Ulipokuwa mwanafunzi ulishuka zile ngazi kumi na nne nyuma ya maktaba, kitabu kwapani, ukapiga hodi, ukasoma mpaka macho yakakuwasha, kisha ukaondoka bila kuaga. Leo una ofisi yenye zulia na watu wanasimama ukiingia. Ukipita na gari karibu na chuo unapandisha kioo. Yule mama bado yuko pale chini, na safari hii anayehitaji msaada ni yeye.

Saa nne asubuhi. Chumba cha kujalidi vitabu kina dirisha moja lililo usawa wa ardhi, kwa hiyo kinachoonekana nje ni viatu tu vinavyopita. Mama Mgongo, kama wanafunzi walivyombatiza, amebana kitabu katikati ya mbao mbili na anakaza skrubu. Mkono wa kulia ameshika msharasi kama wa fundi viatu. Anatoboa, anapitisha uzi uliopakwa nta, anavuta, anatoboa tena.

"Huu ndio mgongo," anasema bila kuinua uso. "Jalada ni nguo tu. Mgongo ukiachia, kurasa zinaanza kutoroka moja moja."

Ana miaka hamsini na tisa. Kwenye benchi hili amekaa miaka thelathini na mmoja, na amebakiza miezi kumi na minne astaafu. Shule aliishia darasa la saba. Elimu yake nyingine ameipata hapahapa, akisubiri gundi.

"Gundi inakauka kwa dakika arobaini," anaeleza. "Sasa nikae naikodolea macho? Nachukua kitabu cha jirani yake, nasoma. Mara mbili kwa siku, miaka yote hiyo. Nani ana shahada yenye saa hizo?"

Anajua historia ya migomo ya makuli wa bandarini, ya wakulima walionyang'anywa ardhi, ya wanafunzi waliofukuzwa kwa kuuliza maswali. Wenye digrii wameshaonja ulimi wake. Mmoja ni mhadhiri aliyeandika kitabu chembamba miaka kumi na minane iliyopita, kuhusu mashine zitakavyokibadili chuo kikuu. Wakati huo chuo kizima kilikuwa na kompyuta sita, zimefungiwa chumba kimoja chenye kufuli mbili. Wenzake walimcheka.

"Nilimpelekea anijalidie," anakumbuka mhadhiri huyo. "Kesho yake akaniambia, 'Mwalimu, hoja yako inaruka.' Nikakasirika. Fundi wa gundi ananifundisha hoja? Kumbe ukurasa wa sitini na moja nilikuwa nimeusahau nyumbani."

Katika kitabu hicho aliandika kwamba iko siku mhadhiri atarekodiwa, kisha ataambiwa aende zake, na sauti yake itabaki ikifundisha. Miaka miwili iliyopita alirekodiwa. Mwaka jana mkataba wake haukuongezwa. Sauti yake bado inafundisha kila Jumanne, ukumbi wa pili. Yeye mwenyewe hana kibali cha kupita getini.

Hivi karibuni nakala ya kitabu hicho ilipangwa kwenye matoroli nyuma ya Mama Mgongo, pamoja na vingine. Jumla vilikuwa 412. Kila kimoja kilibandikwa karatasi nyekundu. Maana yake: kikasagwe.

Hapa inabidi turudi nyuma, kwa sababu wapo wanaotaka tusahau.

Miaka kama kumi na mitano iliyopita, wanafunzi walipogoma siku tisa, walikuja watu watatu waliovaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Hawakutaka vitabu. Walitaka kadi za kuazimia, zile zilizokaa nyuma ya jalada, ambazo kila msomaji aliandika jina na namba yake. Walizikusanya zote za rafu ya siasa. Wiki moja baadaye wanafunzi watatu walifukuzwa, na ushahidi ulikuwa mwandiko wao wenyewe.

"Mmoja hata hakuwa amekimaliza," anasema Mama Mgongo. "Alikuwa amefika katikati. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo."

Tangu siku hiyo hakuna aliyeazima kitabu cha rafu ile. Lakini baada ya mwezi mmoja msichana alishuka ngazi na kitabu mkononi.

"Akaniambia, 'Shikamoo mama, hiki kimechanika.' Nikakigeuza huku, nikakigeuza huku. Kizima kama yai. Nikamwangalia usoni. Nikamwambia, 'Marahaba mwanangu. Kweli, hiki kina hali mbaya. Kaa hapo kwenye kigoda nikitibu.' Akakaa saa tatu."

Msichana alimnong'oneza mwenzake, mwenzake akamnong'oneza mwingine. Ikawa desturi. Ukitaka kusoma kitabu cha rafu ile, unamwambia wa kaunta kimeharibika, unakipeleka kwa fundi, unasomea kwake. Naye anaandika kwenye daftari la matengenezo: tarehe, kitabu, ugonjwa. Mgongo umelegea. Ukurasa umetoka. Jalada limebanduka. Jina la msomaji hakuliandika hata mara moja.

"Kile kitabu chembamba cha mwalimu nimekitia ugonjwa wa mgongo mara sabini na tisa," anasema, na hapo anacheka mpaka anafuta machozi kwa kanga. "Kingekuwa mtu tungeshakizika na arobaini tukaimaliza."

Sasa ukaja mfumo.

Mwaka jana chuo kilinunua programu ya kupima kila kitabu: kimeazimwa mara ngapi, kimetengenezwa mara ngapi. Aliyepewa kazi ya kuingiza kumbukumbu ni kifungua mimba wa Mama Mgongo, mtaalamu wa kompyuta, ghorofa mbili juu ya benchi la mama yake. Miezi minne aliingiza madaftari saba ya mama, mstari kwa mstari, akiamini kila alichoandika. Mama hakuwahi kumwambia siri. Siri hiyo hakumwambia mtu.

Siku orodha ilipotoka, binti alishuka nayo.

"Mama, hivi vitabu vyako vya siasa vinatolewa."

"Vinatolewa vinapelekwa wapi?"

"Kusagwa. Miaka kumi na mitano havijaazimwa hata mara moja, na kila wiki viko kwako vinatengenezwa. Mashine inaona ni mzigo mtupu."

"Mashine imeona sifuri?"

"Sifuri, mama. Vyote."

Mama Mgongo aliketi kwenye kigoda cha wageni wake. "Nimewaficha watoto wa watu vizuri mno," alimwambia binti yake. "Nimewaficha mpaka nimeviua vitabu." Kisha akamsimulia yote.

Binti naye anakiri kwamba alikasirika kwanza. "Nilimwambia, 'Yaani mama miezi minne yote naingiza uongo wako?' Akanijibu, 'Uongo huo ndio uliomfanya mwalimu wako wa kidato cha tano awe mwalimu.' Kumbe hata yeye alikaa kwenye kile kigoda."

Mkuu wa maktaba ni mtu mpole, tai imenyooka, hapandishi sauti. Mama na binti walipomwendea, aliwapokea vizuri. "Mama, dunia imehamia kwenye skrini," alisema. "Kila kitu kipo huko." Si kweli. Vilivyopigwa picha ni vile vilivyoazimwa sana tu. Vingine chuo kinakodi kwa kampuni, na muhula uliopita kibali cha kukodi kilikwisha katikati ya wiki ya mitihani. Wanafunzi walifungua simu zao wakakuta maneno mawili: huna ruhusa. Nani aliwatafutia nakala za karatasi? Mnamjua.

Njia ilibaki moja. Kuvitetea vitabu, ilibidi aseme kwamba kwa miaka mingi ameandika kumbukumbu za uongo. Kosa hilo, kwa kanuni za kazi, linamfukuzisha mtu bila kiinua mgongo.

Alivaa gauni lake la harusi za watu, akapanda mpaka ghorofa ya juu, akaweka madaftari saba mbele ya kamati ya chuo ya watu tisa.

"Naomba nikiri," alianza. "Humu mna matengenezo elfu sita na zaidi. Yaliyo ya kweli hayafiki elfu moja. Vitabu havikuwa wagonjwa, vilikuwa na wasomaji."

Mmoja wa wajumbe aliuliza ushahidi uko wapi. Mama Mgongo alifungua kitabu cha kwanza kilichokuwa karibu, akamsogezea.

"Tazama kona ya chini, mkono wa kulia. Hapo ndipo kidole kinapogeuzia ukurasa. Nyeusi, sivyo? Hilo ni jasho la watu. Sasa kaniletee kitabu chochote cha ripoti zenu tulinganishe kona."

Binti yake, aliyekuwa anaendesha kompyuta ya kikao, anasema kitabu kilipita mkono kwa mkono mezani. "Mimi nimesoma vyuo viwili. Sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia mama yangu siku ile, na gauni lake la maua."

Kamati ilitoa siku thelathini. Kitabu kitakachoazimwa kwa jina halisi la msomaji kitabaki rafuni. Kitakachobaki na sifuri kitasagwa siku ya thelathini na moja. Na wasomaji wakijitokeza, madaftari yatakubaliwa kuwa kumbukumbu za usomaji. Wasipojitokeza, mama huyu ni mghushi, na atatoka kama mghushi.

Leo ni siku ya kumi na tisa. Vimeazimwa 157.

Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu aliyekuja na fimbo. Aliandika jina lake kwa herufi kubwa, akamwambia wa kaunta, "Nimeandika hivyo wasome bila miwani." Mhadhiri wa kitabu chembamba hakuruhusiwa kuingia, lakini mke wake, mhitimu wa chuo hichohicho, aliingia akakiazima. Wiki iliyopita alikuja dereva wa mkubwa mmoja, amevaa kofia, ametumwa.

"Bosi anaomba umwazimie kitabu, ila uandike jina langu."

"Bosi wako namjua," Mama Mgongo alimjibu. "Alikuwa akisoma hapa anatikisa goti. Mwambie fundi anamsalimu, na goti lake aje nalo mwenyewe."

Kila jina linapoingia, mfumo unabadilika palepale: sifuri inakuwa moja. Siku hizi Mama Mgongo, ambaye hakuwa na haja ya kupanda ghorofani, anapanda kila mchana na glasi yake ya chai. Anasimama nyuma ya kiti cha binti yake. "Anaitazama ile moja kama mtu anayetazama mjukuu," anasema binti.

Akiachwa amalize kazi yake, ana mpango. Anataka kuyajalidi madaftari saba yawe kitabu kimoja, mgongo wa kitambaa, ushono wa nyuzi mbili. "Kiwe na namba ya rafu kama vingine," anasema. "Na kiazimwe. Safari hii mtu aandike jina lake waziwazi."

Vimebaki vitabu 255 na siku kumi na moja. Kila aliyehitimu pale ana haki ya kuazima maisha yake yote. Waliotisha watu kwa kadi wameshastaafu, wengine wameshafariki. Unayemwogopa sasa ni nani?

Kaunta inafunguliwa saa mbili asubuhi, inafungwa saa kumi na moja jioni. Kunja gazeti hili. Chukua kitambulisho. Nenda leo, simama kwenye foleni kama watu wengine, taja kitabu ulichosoma, na uandike jina lako. Lote.