Santuri Iliyofukizwa Udi

Kaka yangu Awadh, ndugu yangu wa toka nitoke, alikuwa na akili zake katika kila jambo isipokuwa moja, na hilo moja ndilo lililomtenganisha na wake wawili kabla hajapata mvi. Hakuwa mlevi. Hakuwa mzinzi, au kama alikuwa, basi alitunza siri kuliko wanaume wenzake wote wa mtaa wetu wa Barani. Alipenda santuri. Na lau angalipenda santuri za taarabu kama watu wa kwao, au hata rumba za Kongo, tungalimfichia aibu. Yeye alipenda kelele.

Nieleze kelele hizo, maana zina ukoo. Huko Marekani, miaka ya sitini, kulikuwa na vijana wasiojua kupiga gitaa, na kutojua kwao hakukuwazuia. Walikusanyika katika banda ambamo baba zao hulaza gari, wakafunga mlango, wakapiga ngoma, gitaa na kinanda chenye sauti ya mbu, huku mwimbaji akilia kwa sababu msichana fulani hakumtazama shuleni. Wakatoa santuri moja ndogo, wakainunua mama zao na shangazi zao, kisha wakanyoa nywele wakaenda kuuza bima. Hizo ndizo alizozitafuta Awadh. Wimbo ukijulikana na watu, yeye hautaki. Wanamuziki wakifanikiwa, aliwaona wasaliti. "Mishi," aliniambia siku moja, ameishika santuri kama mtoto wa arobaini, "watu wote wanaoujua wimbo huu wanaenea kwenye baraza ya mama." Alisema hivyo kwa fahari. Kipenda roho hula nyama mbichi, lakini kaka yangu aliila na manyoya.

Alikuwa fundi wa jenereta katika hoteli moja ya Watamu. Wazungu waliokuwa wakifunga nyumba zao na kurudi kwao walimwachia makatoni ya santuri, na humo alichambua kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Meli za kivita za Wamarekani zikitia nanga Mombasa, aliomba ruhusa kazini kwa kuwa mama yetu ni mgonjwa. Mama aliugua sana miaka ile, mwenyewe hana habari. Awadh alisimama karibu na lango la bandari na mfuko wa kofia za viua, zile za kudarizi kwa mkono, na kofia hizo nilizishona mimi, kwa macho yangu haya mawili. Baharia alichagua kofia safari hii, akaleta santuri safari ijayo, ikiwa Mungu na wakubwa wake walipenda. Kazi yangu ya wiki nzima ikaishia kwenye kichwa cha kijana wa Teksas aliyeivaa kwenye utosi kama kifuniko cha birika. Bado sijasamehe.

Katika zote, moja ilikuwa sultani. Lebo yake nyeupe tupu, haina jina la wimbo wala la waimbaji. Baharia aliyeileta alisema mpiga ngoma ni kaka yake mkubwa, na kwamba nakala nyingine ziliungua pamoja na nyumba ya mama yao. Awadh aliamini kuwa ulimwengu mzima umebaki na hiyo moja tu, na kwamba Mola amemkabidhi yeye. Kila Ijumaa, akitoka msikitini, aliipiga. Jirani yetu Mwambire alikuja kulalamika kwa adabu kwamba mbuzi wake hawatoi maziwa siku hiyo.

Sasa wake. Wa kwanza, Shekha, alifunika mtungi wa maji kwa santuri. Haikuwa hata ile nyeupe. Awadh alikuja na kiu, akainua kifuniko, akakitambua, akampa talaka pale pale, bilauri mkononi. Hasira zilipomshuka alitaka kumrejea, lakini kaka zake Shekha walikuwa wameshakuja kuchukua kitanda. Wa pili, Mastura, hakungoja kuachwa. Alikwenda mwenyewe kwa kadhi akasema, "Shekhe, wewe wasoma tu habari za motoni. Mimi nimeshasikia kunavyolia." Nasikia kadhi alikohoa kwa muda mrefu.

Mama akasema basi. "N'takwenda kuposa mara hii, na hii ndiyo ya mwisho. Akiachika na huyu, Awadh, utalala na hiyo mashine."

Ndipo akaja Zuleikha, kutoka Mambrui. Mwanamke mpole, mwenye mikono ya haraka na maneno machache. Siku ya kwanza Awadh alimwonyesha rafu ya santuri, akamwambia asiziguse. Hakuuliza kwa nini, na hakuzigusa. Mwaka ukapita, ukaingia wa pili. Nilimpenda wifi yangu huyo, na kwa kuwa nilimpenda nilikuwa na hofu naye kila nilipopita mlangoni. Nilimjua kaka yangu. Mtu aliyetoa talaka kwa kifuniko cha mtungi angetoa nini kwa ile nyeupe?

Mwaka wa themanini na sita akazuka Mjerumani hotelini, jina lake Yurgen, mrefu, suruali imembana hadi nikamwonea huruma. Alimsikia Awadh akipiga mluzi kwenye chumba cha jenereta, akaujua wimbo, wa santuri nyingine si ile nyeupe, wakakumbatiana kama watu waliopotezana Makka. Kumbe huko Ulaya kumezuka vijana wapya, wengine walikuwa hawajazaliwa miaka ile ya sitini, wanavaa kama wale wa zamani na kupiga kelele zile zile upya kwa makusudi. Na wanazisaka santuri za kwanza kwa udi na uvumba. Awadh alipomtajia ile ya lebo nyeupe, Yurgen aliketi juu ya pipa la dizeli. Akaomba aje nayo rekoda yake, aunase wimbo kwenye kaseti, aupeleke Hamburg ukatiwe katika santuri mpya. Wakaahidiana Ijumaa, baada ya swala.

Kwetu mgeni wa heshima hapokelewi hivi hivi. Nyumba hufukizwa udi, mito hufukizwa, kanzu ya mwenye nyumba hutandazwa juu ya tenga la fito, na chini yake chetezo chenye makaa. Zuleikha aliamka kwa kazi hiyo. Akafukiza ukumbi, akafukiza mapazia. Kisha akajiuliza kama mke yeyote mwema wa pwani: mgeni huyu aja kuona nini hasa? Aja kuona santuri. Na santuri yenyewe inanuka grisi.

Niliingia na mahamri kichwani nikamkuta ukumbini, anaimba kwa pua. Kanzu ilikuwa juu ya tenga. Juu ya kanzu ilikuwa santuri nyeupe.

"Wifi," nikasema, "umefanyani?"

"Nimeifukiza. Sikuigusa, nimeishika kwa kitambaa. Hebu inuse."

Ilinukia, haki ya Mungu. Ilinukia kama bi harusi. Na ukingo wake mmoja ulikuwa umeinuka, mwingine umeinama, mfano wa chapati iliyovimba upande. Nikamwambia kwamba santuri hizi haziwezi moto. Alinitazama, akaitazama, akaketi sakafuni.

"Ataniacha," akasema.

Nilimwambia hawezi, huku nikiiona akilini ile bilauri ya talaka ya Shekha. Tukafanya tulichoweza. Tuliilaza kati ya sinia mbili, nami nikazikalia. Mimi si mwembamba, na nilikaa kwa moyo wangu wote. Nilisoma kila dua ninayoijua, na nyingine niliichanganya na ya safari. Tulipofunua sinia, santuri ilikuwa imepinda vile vile, ila sasa ilikuwa na vumbi la unga wa mahamri.

Sauti zao zikasikika kibarazani. Zuleikha aliirudisha santuri katika bahasha yake, akaenda nyuma ya pazia, mimi nikabaki na kahawa mkononi na uso wa mwizi.

Awadh alimkalisha Yurgen kwenye mto, akamwendea sultani wake rafuni. Akaitoa. Nilimwona akisimama. Aliigeuza mara moja, akaileta puani, akanusa. Udi ulikuwa umejaa nyumba nzima, na hakuhitaji shahidi. Macho yake yakaenda kwenye pazia, na chini ya pazia zilionekana ncha za vidole vya Zuleikha, vimekunjamana. Midomo ya kaka yangu ikaanza kucheza. Nilitaka kumrukia nimzibe kinywa kwa hamri.

"Kuna tatizo?" Yurgen akauliza.

Awadh akaenda kwenye mashine, akaiweka santuri, akashusha sindano. Sindano ilipanda mlima, ikashuka bonde. Gitaa lililia kama mbuzi anayevutwa kwenda kuchinjwa, mwimbaji akazama, akaibuka, akazama tena, ngoma zikamkimbia.

Yurgen alikunja uso. "Ndivyo ulivyo?"

"Ndivyo walivyoimba," akasema Awadh. "Walikuwa vijana wa ajabu."

Nikamtazama kaka yangu nisimjue. Kuhusu mama yake alidanganya kila meli ilipofika. Kuhusu santuri hajapata kudanganya maishani. Jasho lilimtiririka shavuni, na niliona jinsi uongo ule ulivyomkata, akausema tena kwa sauti kubwa zaidi ili ufike hadi nyuma ya pazia. "Ndivyo walivyoimba. Haina kosa lolote."

"Sivyo," likasema pazia.

Sote watatu tukageuka.

"Sivyo, bwana. Usimdanganye mgeni kwa ajili yangu. Ni mimi niliyeiharibu, na wimbo sivyo ulivyo."

Ndipo alipoanza. Alipiga moja ya zile sinia kwa vidole, huko huko nyuma ya pazia, na zilikuwa ngoma zile zile, na pale palipo na pengo akaacha pengo. Gitaa alilitoa puani. Kinanda cha mbu alikitoa kwenye meno. Na maneno aliyaimba yote, si Kiingereza wala Kiswahili, lakini kila moja liko mahali pake, na yule kijana wa Marekani aliyenyimwa msichana akalia upya katika koo la mwanamke wa Mambrui. Mimi, ambaye niliuchukia wimbo ule tangu siku ulipoingia nyumbani, nilisikia nywele zinasimama.

Rekoda ya Yurgen ilikuwa inazunguka. Alipomaliza Zuleikha, Mjerumani alikuwa amepiga magoti. Akasema hii ni bora kuliko santuri, akasema Hamburg watapasuka, vijana wale watamwabudu, ataiweka ya kwanza kabisa. Sijaona mtu mzima akiomba hivyo.

Awadh akainama, akabonyeza rekoda, akaitoa kaseti, akaitia mfukoni mwa kanzu.

"Sauti ya mke wangu haiendi Hamburg," akasema. Kisha akaitoa santuri nyeupe kwenye mashine, akaitia katika bahasha, akamwekea mgeni mapajani. "Hiyo chukua. Zawadi."

"Lakini imeharibika!"

"Chukua na mahamri."

Yurgen alikwenda zake na santuri kwapani inayonukia, akigeuka nyuma kila hatua. Awadh alifunga mlango, akaja akaketi sakafuni, mgongo wake kwenye pazia, na kwa ncha za kanga zilizojitokeza chini yake nilijua naye Zuleikha ameketi.

"Umejifunza lini?" akamuuliza.

"Kila Ijumaa. Ulidhani jikoni hakuna masikio?"

"Mbona hukupata kuniambia kama waupenda?"

"Siupendi," akasema Zuleikha. "Haki ya Mungu, wimbo mbaya sana. Lakini wewe ukiusikia, ndiyo saa pekee ya wiki ukaayo umefurahi. Nikataka kujua kuna nini ndani."

Kaka yangu akalia mbele yangu bila haya, na mimi, ambaye sijamsamehe kofia hata moja, nikamwachia kahawa yangu nikatoka.