Kipimo kinasema dada asipigwe dripu, kanisa limeshachangia dripu: tushike lipi?

Wakuu, poleni na majukumu.

Naanza na gharama, maana humu kuna watu hawasomi uzi mpaka waone bei. Ng'ombe mmoja wa maziwa, karoti za shamba zima kabla hazijang'olewa, na kuku mmoja aliyeuzwa mara tano. Nimehesabu mara mbili, ni hivyo hivyo.

Haya nimeyaona kwa macho yangu. Nilipoelewa nitasema, na ambapo sikuelewa pia nitasema. Msishangae sehemu ya pili ikiwa ndefu.

Mimi nalangua matunda na mboga Mlalo, huku Lushoto. Dada yangu mkubwa, tumwite Mkunde, ni mjane, analima, na ni alto wa kwaya yetu ya Kilutheri. Alipata uvimbe kwenye titi. Akapasuliwa, ukatolewa. Majibu yakaja: saratani, ila haijafika kwenye tezi za kwapani.

Huku kwetu kila mtu anajua utaratibu. Kisu, halafu dripu za chemo, halafu nywele zinaondoka.

Basi Jumapili baada ya ibada tukapiga mnada wa dripu ya Mkunde. Dalali nikawa mimi, nani mwingine? Kwa wasioujua mnada wa kanisani: ukinunua kitu, unakirudisha kiuzwe tena. Ndiyo huyo kuku. Mara ya tano, ndiyo ya mwisho, alinunuliwa na bibi mmoja anayekula mboga za majani mwaka mzima. Nilitaka kumshushia bei, akanifokea mbele ya watu: "We kijana, nimekuomba punguzo?"

Hela ikatimia. Tukaenda kliniki vifua mbele.

Daktari, binti mdogo tu, akamwamkia dada shikamoo, akasoma faili, kisha akasema kabla ya dripu kuna kipimo kimoja. Wanachukua kipande cha ule uvimbe uliotolewa, kinapelekwa nje ya nchi, wanaangalia jeni zake.

Nikamuuliza, uvimbe si umeshatoka? Unapimaje mzigo ulioshushwa?

Akanielewesha hivi. Kila chembe ya mwili ina jeni zile zile, kama kwaya iliyosimama yote mbele. Lakini si wote wanaoimba. Kuna zinazopaza sauti na kuna zilizonyamaza. Kwenye uvimbe wanapima zipi zinaimba na kwa nguvu gani, na kwa mpangilio huo wanakadiria kama ugonjwa una tabia ya kurudi, na kama dripu itasaidia.

Hapo ndipo ng'ombe na karoti vilipoondoka. Hela ya kanisa hatukuigusa, hiyo ilikuwa ya dripu.

Tukasubiri. Majibu yakarudi: alama ndogo.

Dada akainamisha kichwa. Sisi tumesoma shule ambayo alama ndogo ni viboko. Daktari akacheka, akasema, "Hapana mama, hapa ndogo ndiyo nzuri. Hatari ya kurudi ni ndogo. Dripu haitakuongezea kitu cha maana, itakuongezea mateso tu. Utameza kidonge kila siku, kwa miaka."

Mimi biashara nimeizoea, nikambana: "Daktari, nipe bei ya mwisho. Itarudi au hairudi?"

"Sina bei ya mwisho, kaka. Wanawake wengi wenye majibu kama haya haikuwarudia. Huyu mmoja siwezi kumwapia."

Wakuu, hapo ndipo nilipopotea, na sijarudi mpaka leo.

Mimi nikipakia lori la matunda damu, najua kwa kuangalia tu kwamba mzigo utafika salama. Tenga moja moja litaoza njiani, sijali, hesabu ya lori inanilipa. Lakini dada yangu si lori. Ni tenga moja.

Dada naye, mtu wa kwaya, akauliza lake: "Sasa mwanangu, aliyenyamaza leo, Jumapili ijayo si anaweza kuimba?"

Daktari akafunga faili. "Anaweza, mama. Ndiyo maana kuna kidonge, na ndiyo maana utakuwa unakuja nikuone."

Jibu la kweli, ila halikutusaidia kulala.

Tumerudi Mlalo. Mzee wa kanisa kasema hela iliyotolewa kwa dripu ni ya dripu. Jirani kasema kipimo cha kutoka nje hakiwajui Washambaa. Wengine wananong'ona kwamba hela nimeila.

Na dada sasa anataka kupigwa hiyo dripu. Si kwamba haamini majibu. Aliniambia tukimenya viazi: "Yule bibi amenunua kuku asiyemla. Nitapita mbele yake na nywele zangu zote kichwani, nimwambie nini?"

Nikamwambia, "Dada, huwezi kunywa sumu kwa sababu imeshalipiwa."

Akanijibu, "Wewe ndiye uliyeinadi."

Nikachukua kiazi kingine, nikamenya.

Nilichojifunza ni kidogo: kipimo hiki si ramli. Kinakwambia tenga lako limetoka kwenye lori la aina gani, basi. Na msinadi dawa kabla daktari hajaiandika.

Kliniki ni wiki ijayo, na atatakiwa ajibu mwenyewe: dripu au kidonge. Aliyepitia kipimo kama hiki, au mkewe, au mama yake, akaacha dripu, aje aseme yuko vipi leo. Hata kama mambo hayakwenda vizuri, semeni, msinionee huruma. Wataalamu wa jeni pia karibuni, ila kwa Kiswahili cha sokoni.

Nitamsomea dada majibu yenu yote. Yule bibi pia nimemwomba aje asikilize. Kasema atakuja, na kuku atamleta.