Kiboko Aliyekataa Kusema

Msimu ule wote chumba cha mbele cha nyumba yetu kilinuka plasta. Haikuwa harufu mbaya, ila ilikuwa haibanduki: kama chaki iliyolowa, ikichanganyika na maganda ya machungwa, chai ya tangawizi na jasho la mguu usioweza kuoshwa. Mguu wenyewe ulikuwa wa kaka yangu Shabani. Alikuwa na miaka kumi na mitano, mimi kumi na miwili, na likizo ya Aprili ilikuwa ndiyo kwanza imeanza alipodandia trela ya trekta kule Ndabibi, shambani kwa mjomba, akaanguka vibaya na mfupa wa paja ukavunjika. Alifanyiwa upasuaji Nakuru, akarudishwa nyumbani Naivasha akiwa amefungwa plasta kuanzia nyonga hadi vidoleni. Baba alikisogeza kitanda chake chini ya dirisha la chumba cha mbele ili aone watu wakipita na, mawingu yakiondoka, mlima Longonot. Mama alimpa sindano ya kufumia sweta ya kujikunia ndani ya plasta. Kaka ambaye hakuwahi kumaliza sahani ya chakula akiwa ameketi, kwa sababu daima kulikuwa na mtu anayempigia mluzi kutoka uwanjani, sasa alikuwa analala chali akisikiliza mvua ikipiga mabati.

Wenzake wa mpira walikuja wiki ya kwanza, wakaandika majina kwenye plasta, kisha wakapotea. Siwalaumu, mgonjwa wa mguu hana habari mpya. Ndipo Shabani alipokumbuka mchezo aliofundishwa na mwenzake katika shule ya bweni. Aliuita mchezo wa hadithi. Mtu mmoja anakuwa mwendeshaji: yeye ndiye anayeujua ulimwengu, anaeleza mnachokiona na kuwasemea watu na wanyama wote mnaokutana nao. Wengine kila mmoja anabuni mtu wake mmoja, shujaa au mwizi au chochote, na kusema mtu huyo anafanya nini. Jambo likiwa gumu, kama kuruka korongo au kupigana, bahati inaamua. Shuleni walitumia dadu, lakini baba alisema dadu ni chombo cha kamari na hakitaingia nyumbani kwake, hata kama hakuna senti inayowekwa. Hakupandisha sauti, na hatukubishana naye. Tuliandika nambari kwenye vifuniko vya soda, tukavitia ndani ya soksi iliyofiwa na mwenzake, na kila aliyejaribu jambo gumu alitumbukiza mkono akachomoa kifuniko. Mama aliuliza tu kama kuna majini katika hadithi hiyo. Shabani akamwambia kuna joka. Mama akafikiri kidogo, akasema joka si neno, mradi tukumbuke saa ya swala.

Tulikuwa watatu wa kucheza. Mimi nilikuwa mpiga mishale. Njoroge, mtoto wa mwenye bucha aliyepakana nasi, alikuwa shujaa mwenye shoka kubwa, maana shoka ndicho kifaa alichokijua. Wa tatu alikuwa Akinyi, rafiki yangu wa darasani, ambaye mama yake alifunga maua katika shamba moja la waridi kando ya ziwa. Akinyi alikuwa msichana wa maneno machache. Alijibunia mjuzi wa dawa aliyeitwa Atieno, akampa mkoba wa majani, jina la kila jani, na bibi mzee aliyemwacha nyumbani akimngojea. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameona haja ya kumpa mtu wake nyumba.

Ulimwengu wa Shabani ulikuwa mzuri, na hata leo nauonea wivu. Joka lililala ndani ya shimo la Longonot, na mvuke unaotoka ardhini huko nyuma ya ziwa ulikuwa pumzi yake. Chini ya maji kulikuwa na mji wa kale, na viboko walikuwa mabawabu wake. Alikuwa na sauti nzuri ya kusimulia. Alipoeleza giza la mapango, Njoroge alisogeza kigoda chake karibu na changu. Lakini kila kitu alikuwa amekwisha kukipanga alfajiri kabla hatujafika. Alijua tutapita mlango gani, tutapigana na nani, na tutashinda vipi. Ukitaka kupita njia nyingine, daraja lilikatika. Ukiuliza swali ambalo hakulitarajia, mvua ya mawe ilianza. Wakati ule nilidhani huo ndio ufundi wenyewe. Sasa naona kwamba alikuwa mtoto aliyelala kitandani, asiyeweza kwenda hata msalani bila kushikwa na baba, na kwamba ndani ya hadithi ndipo mahali pekee palipobaki ambapo mambo yalikwenda alivyotaka yeye.

Siku ya kiboko tulikuwa tumefika kwenye lango la mji wa chini ya maji. Shabani alitueleza bawabu wake: kiboko mkubwa kama lori, makovu mgongoni, meno ya manjano. Njoroge akaanza kuinua shoka. Akinyi akasema Atieno anaweka mkoba wake chini, anasogea polepole, na anamuuliza kiboko ni nani aliyemjeruhi.

"Kiboko hasemi," Shabani akasema.

"Si wewe ndiye kiboko? Basi sema."

Niliona uso wa kaka yangu ukikakamaa, kama mtu aliyeulizwa swali darasani akiwa hajasoma. Akinyi hakuwa amemkejeli; alikuwa amesema jambo lililo wazi. Shabani akasema kiboko amefungua kinywa na kumng'ata Atieno, na kwamba Atieno amekufa. Hakumwambia hata achomoe kifuniko kutoka kwenye soksi. Njoroge akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. Akinyi akamshukuru mama kwa chai, akavaa ndara zake mlangoni, akaenda kwao. Kesho yake hakuja. Njoroge alikuja siku chache zaidi, lakini mchezo wa watu wawili na joka una upweke wake, na baba yake akaanza kumhitaji buchani.

Hapo ndipo matokeo ya picha ya mguu yalipokuja. Baba alirudi na Shabani kutoka Nakuru, akasema mfupa haujaunga sawasawa, kwamba huenda ukafunguliwa tena, na kwamba muhula wa pili Shabani hatarudi shuleni. Shabani aliugeuza uso wake ukutani, na kwa siku kadhaa tulimwona kisogo tu. Chakula kilirudi jikoni kikiwa nusu. Mama alimsomea dua, baba alimnunulia redio ndogo, mjomba alileta tango na kabichi kutoka Ndabibi kana kwamba mguu unaunga kwa mboga. Mimi sikuwa na cha kumpa ila kile kile alichotupa sisi. Alasiri moja ya mvua nikakaa kwenye kigoda, nikaiweka soksi mapajani, nikamwambia leo mimi ndiye mwendeshaji.

"Uko wapi?" nikamuuliza.

Alijibu bila kugeuka. "Niko kitandani."

Nilikuwa nimejiandalia msitu na majambazi. Yote hayo hayakuwa na kazi tena, na sikuwa na kingine. "Sawa," nikasema. "Uko kitandani. Unasikia nini?"

Mvua ilikuwa inanyesha kweli. Aliisikiliza. "Maji," akasema akiwa bado ameutazama ukuta. "Yameingia mlangoni."

Nikamuuliza yamefika wapi. Akasema yamefika kwenye miguu ya kitanda. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema hafanyi kitu, kitanda chenyewe ndicho kinachoinuka. Basi tukakiacha kiinuke. Kilitoka mlangoni, kikapita duka la vitambaa, kikapita sokoni ambako vitunguu vilikuwa vinaelea, kikafika ziwani katikati ya mafunjo, na muda wote huo mimi sikubuni lolote. Niliuliza tu: kuna nani pale, kuna harufu gani, unaogopa au huogopi. Aliniambia anaogopa. Alisema ng'ambo ya ziwa wako watu wanaotembea, na kitanda kila kikikaribia ufuo kinarudi nyuma. Sikumwahidi kwamba kitafika. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua kwamba nikimfikisha ufuoni kwa neno langu tu hataniamini. Nikamnyooshea soksi. Alichomoa nambari ndogo, na kitanda kikarudi. Akageuka, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu picha ile, akasema, "Kesho tutajaribu tena."

Tulijaribu kesho yake na siku zilizofuata. Alasiri moja kiboko alijitokeza mbele ya kitanda, na si mimi niliyemleta, Shabani mwenyewe ndiye aliyemwona. Nikamuuliza anafanya nini. Naye akaniuliza kama Akinyi alikuwa amekasirika sana. Nikamwambia hakukasirika, alihuzunika, na kwamba hayo ni mambo mawili. Akaniomba nikamwite.

Akinyi alikuja, lakini hakuketi. Alisimama karibu na mlango kama mtu aliyetumwa kuchukua sufuria. Shabani alijiinua kwa viwiko, jambo lililomuumiza, akamwambia, "Kiboko alikuwa anaweza kusema. Ni mimi niliyekataa, kwa sababu sikujua angesema nini."

Akinyi aliyapima maneno hayo. "Kwa hiyo Atieno hakufa?"

"Wewe ndiye utakayesema."

Akasema Atieno aling'atwa kweli, hilo haliwezi kufutwa, lakini hakufa. Amelala nyumbani kwa bibi yake, mguu umefungwa majani, na siku moja atatembea ingawa hatatembea kama zamani. Kisha akavua ndara zake, akaingia. Hakuna aliyeutazama mguu wa Shabani. Mama aliongeza vikombe.

Mguu ulifunguliwa tena, ukaunga, na Shabani akarudia darasa. Leo anafanya kazi kwenye visima vya mvuke wa kuzalisha umeme upande wa pili wa ziwa, na mtu asiyemjua hawezi kutambua kwamba anachechemea, isipokuwa labda akiwa amechoka. Hachezi tena, anasema zamu zake hazimpi nafasi. Akinyi ni mwalimu, ana watoto wawili. Mimi ndiye niliyebaki na mchezo. Kila Jumamosi naendesha meza katika chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya shule hapa Nakuru, na vijana huja kutoka vyuoni na maofisini. Wana dadu za pande nyingi zinazong'aa, vitabu vya sheria vyenye picha, ramani kwenye simu. Wanaponiuliza jinsi ya kuendesha, wengi hutarajia niwafundishe kutunga majoka. Nawaambia joka ni rahisi. Andaa mahali na watu wanaotaka jambo fulani, kisha mwisho uache wazi. Usimuue mtu wa mwenzako kwa sababu amekuuliza kitu usichokijua. Sikiliza mchezaji anasema nini anapodhani anaongea habari za shujaa wake tu.

Wananisikiliza, na baadhi yao wamekuwa waendeshaji bora kuliko mimi. Meza zetu ni nzuri. Tunacheka, tunabishana juu ya sheria, na jioni ikikaribia kila mmoja anaangalia simu yake, anafunga begi, anaaga. Wana mahali pa kwenda. Mchezo kwao ni starehe, na ndivyo inavyotakiwa kuwa. Wakati mwingine, wakishaondoka na mimi nikipanga viti, nahisi kwamba kuna uzito fulani ambao meza yangu ya leo haina, na kwa muda mrefu nilidhani ni kosa langu la uendeshaji. Si kosa. Wale wa chumba cha mbele walikuwa wakija kila siku kwa sababu mmoja wao hakuweza kwenda popote, na alichokisema ndani ya hadithi hakuwa na mahali pengine pa kukisema. Sijawahi tena kuendesha mchezo kama ule. Na nikiwatazama vijana hawa wakishuka ngazi mbili mbili, wakiitana barabarani, naomba nisipate tena sababu ya kuuendesha.