Arudishwe Nyumbani

Mimi mtu wa kwenda. Mume wangu husema ningezaliwa mwanamume ningeishia kuendesha malori ya Isaka, na simbishii. Nilipoacha uuguzi wa wodini nilipata kazi inayonifaa: kuzungukia vituo vya kulelea watoto wadogo, kuanzia Shinyanga mpaka machimbo ya Geita, nikiwashauri walezi mambo ya afya. Natazama vyoo, uji, maji ya kunawa, kadi za chanjo. Kabla sijamaliza kituo kimoja, roho imeshatangulia kingine. Walezi wananijua, wakisikia pikipiki wanasema, huyo kaja na moto wake.

Siku hiyo nilikuwa na vituo vitatu, na jua lilikuwa limeshaanza kunikera nikiwa bado kwenye cha kwanza. Ni kituo cha kijiji cha wachimbaji, chumba kimoja na uwanja wa mchanga. Miezi miwili nyuma kuhara kuliwapitia watoto wa pale karibu wote, nami nilikuja nimefura, nikawafokea walezi, nikawaandikia sheria kwa mkono wangu mwenyewe: mtoto mwenye homa, anayehara au kutapika, arudishwe nyumbani mpaka apone. Ndivyo inavyofundishwa. Niliibandika ukutani nikaondoka bila hata kumaliza chai waliyonipikia.

Sasa mlezi, binti mwenye utulivu ambao huwa unanichosha, alinipa shikamoo na daftari la mahudhurio. Vyema kote, isipokuwa mtoto mmoja wa kike, miaka miwili na nusu, hajaja siku ya tatu.

"Anaharisha, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Tulimrudisha siku ileile, kama ulivyosema."

Nilimsifu. Nilimsifu kweli, na nikavaa kofia yangu ya pikipiki. Nikiwa mlangoni nikauliza, kwa kuuliza tu, nyumbani kwao nani anamtazama.

"Nyumbani kwao hakuna mtu. Mama yake anashinda naye mwaloni."

Mwaloni, kwa asiyejua machimbo, ndiko wanakoosha mchanga wa dhahabu. Kuna madimbwi ya tope, makarasha ya kusagia mawe yanayonguruma kutwa, na pembeni mtu anachoma zebaki, moshi unakwenda upepo unakotaka. Nilitoka mbio. Nilimwambia dereva wa pikipiki aliyenileta akaze mwendo, kisha nikamgombeza kwa kukaza.

Tulimkuta amelala juu ya viroba, chini ya kivuli cha turubai. Macho yamezama, midomo imepasuka. Nilifinya ngozi ya tumbo lake nikaiachia, na haikurudi haraka. Mama yake, msichana tu, alikuja mbio na mikono yake ya tope.

"Kwa nini hukumpeleka zahanati?" Nilimuuliza kwa sauti ileile ya kufokea walezi.

Hakukasirika. Aliniangalia kama mtu anayejibu swali la kawaida. "Mlisema asikae na wenzake, mayu. Hamkusema akae wapi."

Nilimnyanyua mtoto. Tulipanda pikipiki mshikaki, sote kwa pamoja, mtoto katikati, mpaka zahanati. Mganga alikuwa na neno moja: apewe maji ya ORS kwa kijiko, kidogo kidogo, bila kuacha. Kama mpaka alasiri hajakojoa, itafutwe gari apelekwe hospitali akatundikiwe dripu. Gari lenyewe pale ni la kubahatisha, sote tulijua.

Mama alisimama mlangoni akikunja na kukunjua khanga. Mawe yake yalikuwa yamepata zamu ya karasha, na zamu ikikupita unasubiri wiki nyingine. Ana watoto wengine wawili wakubwa, walioko shule, wanaokula kwa mawe hayo. Alilia kidogo, akafuta.

"Basi kaa naye wewe, mayu, mpaka nirudi."

Hakuna aliyewahi kunipa kazi ngumu kama ile. Simu ililia, kituo cha pili wananisubiri. Ikalia tena; cha tatu. Kijiko, subiri, kijiko, subiri. Akitapika, napumzika kidogo, naanza upya. Miguu ilinicheza chini ya benchi. Niliogopa, na niliona aibu, kwa sababu katika miaka yangu ya kuzunguka nimeiandika sheria ile kwenye kuta nyingi, na sikuwahi kwenda kutazama wale watoto wanarudi wapi. Kila nilipowahesabu wanaofika nilijisifu kuwa kituo ni kizima.

Saa sita, bado. Saa nane nikamgusa nguo: kavu. Nilimwambia dereva wangu aanze kuulizia gari. Alikuwa hajafika mbali pale mtoto alipojinyoosha mapajani mwangu, akakunja uso, na nikahisi joto likipita kwenye sketi mpaka kwenye ngozi, likaendelea, likachuruzika mpaka kwenye viatu. Nilikaa vilevile bila kujitikisa, nikilia kama mjinga, mganga akicheka.

Mama alirudi jua likielekea kuzama. Alimchukua mwanawe, akaona sketi yangu, akapiga magoti mbele yangu kwa adabu ya kwao.

"Nisamehe, mayu," alisema. "Amekuchafua."