Tandiko Jepesi la Nsimire

Juzi Mama Ndaya, mpangaji mwenzetu hapa ugenini Malvern, alirudi na begi jipya la safari akalifungua jikoni ili sote tulione. Ikatoka ile harufu ya nailoni ambayo haijawahi kuona mvua: raba, gundi, na kitu kama kandambili zilizoachwa juani. Wenzangu wakasifu zipu na magurudumu. Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Nilikuwa nimesimama tena mbele ya tandiko la farasi, mjukuu wangu Nsimire kando yangu amenuna, mdomo mrefu kama wa bata.

Nawaona mnashangaa. Watu wa Bukavu na farasi wapi na wapi? Kwetu tunajua ng'ombe, na ng'ombe hapandwi. Lakini mwanangu Baguma alikuwa mlinzi wa geti kwenye shamba la farasi, kusini mwa jiji hili, ukipita La Rochelle na kuendelea mpaka nyumba ziishe na nyasi zianze. Mwenye shamba, Madam Petra, mama mwenye sauti ya kuita mbwa walio mbali, alimruhusu aje na mtoto siku za Jumamosi. Nsimire alikuwa na miaka tisa, mwembamba kama njiti ya kiberiti. Hazikupita siku nyingi akawa anapanda, nami nikawa najua majina ya farasi wote: Biskuti, Jenerali, Malaika, na yule mzee wa jicho moja, Pilato. Shule ilinishinda mapema, lakini jina nikilisikia mara moja haliniponyoki.

Kipenzi chake alikuwa Biskuti, jike la rangi ya chai ya maziwa. Pale walipanda kwa mtindo wa wachunga ng'ombe wa Amerika: tandiko pana kama kiti, na mbele lina pembe ya kushikia.

Basi mwaka wa 2016 Madam Petra akaanzisha kikundi cha watoto cha kutoka nje ya geti, kupanda mpaka kilimani na kurudi. Sharti lilikuwa moja: kila mtoto amtandike farasi wake mwenyewe.

"Tandiko likilegea huko nje, mimi niko mbele, baba yako yuko getini," alimwambia Nsimire. "Nani atalikaza?"

Matandiko ya shamba yalikuwa ya ngozi, ya watu wazima, mazito kama gunia la viazi. Nsimire alijaribu. Alilikumbatia, akapiga hatua, akaenda chini nalo, tukabaki kuona viatu tu. Mtoto mmoja, Kobus, akapiga kelele: "Mwite sekyuriti aje akuinulie!" Sekyuriti ndiye Baguma, baba wa Nsimire. Nsimire hakulia. Alikuja kusimama nyuma ya sketi yangu, nikawa nasikia anavyopumua.

Madam Petra hakuwa mtu mbaya. Alisema kikundi kitatoka Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Nsimire akipata tandiko linalomfaa na kuliinua mwenyewe, atakwenda. Asipopata, atabaki kuzunguka uani na wadogo.

Baguma alikuwa akiweka akiba tangu Krismasi, hilo tuliache. Madam Petra akachukua waya laini, akaukunja juu ya mabega ya Biskuti mpaka ukashika umbo lake, akampa. "Tandiko linavaliwa na wawili," alisema, "na huyu wa chini hasemi." Asubuhi tukaishika Jules Street kwenda duka la matandiko, Baguma ameubeba ule waya kwa mikono miwili usipinde, kama padri na Sakramenti. Kinyozi Dieumerci akatoka mlangoni na wembe mkononi.

"Papa Baguma! Hiyo antena itashika chaneli ya Kinshasa?"

"Ni mabega ya farasi."

"Eish! Na kichwa umekiacha wapi?"

Dukani tulipokewa na kijana Themba, aliyeniita Gogo, yaani bibi, na kunipa stuli. Baguma hakusubiri kuonyeshwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye tandiko kubwa la ngozi, limechongwa maua pande zote, linang'aa kama viatu vya harusi.

"Hili," akasema. "Atalikulia."

Neno hilo mnalijua. Sisi tuliotoka kule tumelea watoto wetu kwa neno hilo. Viatu vya shule vinajazwa gazeti mbele, koti linakunjwa mikono mara mbili, na sweta la darasa la kwanza linavaliwa mpaka la nne. Nsimire akapandishwa juu ya ile ngozi. Alipotea humo kama punje ya maharage kwenye sufuria ya msiba, na miguu haikufika kwenye vikuku vya kukanyagia. Lakini uso uling'aa!

Themba akaleta jingine, jeusi, la nailoni, limeshonwa juu ya kitu chepesi. Alilishika kwa mkono mmoja huku anaongea. Harufu ikanijaa puani.

"Plastiki?" Baguma akanigeukia. "Mama, Mkongomani akalie plastiki? Watu watasema nini?"

"Wenzangu wote wana ngozi, Koko," Nsimire akaniambia mimi bibi yake kwa Kiingereza. Kiswahili chetu anakisikia chote, ila ulimi wake ulisomea huku.

Nilikuwa nalipapasa lile jeusi, nageuza mishono, maana mikono ya fundi cherehani haijui kukaa. Nikamkumbuka mama yangu, M'Cibalonza, aliyeshona kule Kadutu. Gauni langu la komunyo ya kwanza alilishona na upindo mrefu mno, ukinigonga miguuni kama kitambaa kilicholowa. Lakini mabega yalinikaa sawasawa. Nililia. Nilitaka na mabega yawe makubwa kama ya dada yangu Furaha, ili gauni lidumu. Mama, pini mdomoni, akasema: "Mabega ni ya leo, upindo ni wa kesho." Nilikuwa mtoto, nikadhani anazungumzia kitambaa.

"Mjukuu wangu," nikamwambia Themba, "upindo wa kitu hiki uko wapi?"

Alicheka kwanza. Kisha akaligeuza tandiko, akanionyesha mikanda ya vikuku, mirefu, imetobolewa matundu kuanzia juu hadi chini. "Huu hapa, Gogo. Miguu ikirefuka, unashusha."

Nikamwambia Nsimire akalie. Nikapitisha mkono kati ya tumbo lake na sehemu ya mbele ilipoinuka: vidole vinne vikaingia, cha tano hakikupata nafasi. Miguu ikafika. Themba akauweka waya wa Biskuti chini ya tandiko, ukalala bila kubana wala kuning'inia. Baguma bado alikuwa ameishika ngozi yake kama mtu anayeaga.

"Na akifika miaka kumi na mitano, Mama?"

"Huyo wa kumi na mitano simjui. Nimekuja na huyu wa tisa."

Tukabeba lile jeusi. Nsimire hakunisemesha njia nzima. Jioni nilimsikia akimwambia baba yake: "Koko anafikiri mimi dhaifu." Lilinichoma, sitaficha.

Jumamosi ikafika. Baguma alipiga pasi sare yake mara mbili. Watoto wakasimama kila mmoja na farasi wake. Nsimire akatandaza blanketi juu ya Biskuti, akaning'iniza kikuku kimoja kwenye pembe kisimgonge farasi, akalirusha tandiko. Likapita juu likaanguka upande wa pili, vumbi tupu. Kobus akafungua mdomo. Baguma akapiga hatua. Nikamkamata mkanda wa suruali kwa nyuma.

"Mama, niachie."

"Simama hapo."

Nsimire akazunguka, akaliokota, akalipuliza vumbi. Akarusha tena. Likakaa. Akafunga mkanda wa tumboni, akamtembeza Biskuti hatua chache mpaka ateremshe zile pumzi ambazo farasi huzijaza tumboni kwa ujanja asikazwe, akaukaza tena. Madam Petra akaja, akalisukuma tandiko kwa mikono yote miwili. Halikusogea.

"Panda," akasema. Kutoka kwake, hiyo ilikuwa zaburi nzima.

Geti alifungua Baguma, maana ndiyo kazi yake. Watoto walipita mmoja mmoja, wakiwapungia wazazi. Nsimire alipita na shingo imesimama, hakugeuka hata kidogo. Baguma akafunga geti akasema vumbi limemwingia machoni. Mimi nilicheka, lakini moyoni nilijua: mtoto bado ana hasira na plastiki yangu.

Niliishi na dhana hiyo miaka mitatu. Vikuku vikashuka tundu baada ya tundu, mwisho matundu yakaisha. Ndipo siku moja ya 2019, tunachambua mchele, nikamuuliza mbona siku ile hakutuangalia. Akaacha ungo. Safari hii alijikaza akasema kwa Kiswahili.

"Koko, sikuwa na hasira. Niliogopa sana. Ningewaona, ningeshuka."

Akaendelea kutoa mawe. Nilidhani tulimnunulia kitu cha kukalia, kumbe tulikuwa tumempa njia ya kwenda bila sisi, na katika watatu wetu, mtoto peke yake ndiye aliyelijua hilo pale getini.