Nilivyoibariki Kamera

Heri ningekataa siku ile Chebet, binti wa jirani yangu hapa Kapseret, aliponiomba niigize kwenye filamu yake. Anasomea mambo ya filamu chuoni, na anachunguza jinsi wazee wanavyoonyeshwa.

"Mzee, kwenye filamu nyinyi kazi yenu ni kukohoa na kufa tu," alisema. "Mimi nataka mzee mchangamfu, anayebariki maharusi."

Nilikubali kabla hajamaliza, na Jumapili nikalitangazia kanisa zima.

Siku ya kurekodi nilipewa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha. "Fanya tu vile huwa mnafanya nyumbani," Chebet akaniambia. Basi, kwetu mzee hubariki kwa kupuliza maziwa kutoka kinywani, na kitu kipya hubarikiwa kwanza; na kamera ilikuwa mpya kabisa. Nikajaza mashavu, nikaikaribia, nikaipulizia maziwa yote.

"Woi, Mzee! Si hiyo! Ni maharusi!"

Kamera ikazima. Bibi harusi alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Baadaye tulipotazama kilichorekodiwa, nilionekana mimi, mashavu yamefura kama puto, halafu weupe mtupu.

Nafasi yangu alipewa Mzee Barno wa kanisani kwetu, ambaye hata kutabasamu hajui.