Namba ya Kavuo, Jina la Léa

Kavuo alimwonea wivu mdogo wake Léa tangu utotoni, na tusimfichie. Léa alipata mume mwenye shamba la kakao huko Beni, akapata nyumba ya mabati mapya, akabaki na viganja laini. Kavuo yeye alibaki Butembo akichambua kahawa kwenye depo, punje nzima huku, mbovu kule, miaka kumi na minne.

Kazi yenyewe aliipata kwa kadi ya Léa. Mwaka ule kadi yake ya kura, ambayo huko ndiyo kitambulisho, iliungua pamoja na nyumba, na depo haikupokea mtu asiye na kadi. Akaazima ya mdogo wake, akaandikwa Léa, basi. Wengi walifanya hivyo, nani aliuliza?

Sasa sheria ikauliza. Patroni, mwenye depo, alitangaza kwamba kila mfanyakazi lazima awe na namba ya serikali, ile ya kumlipa mtu akizeeka. Karatasi zikagawiwa. Ya Kavuo ilikuwa na namba ndefu, nzuri, na juu yake jina la Léa.

Wivu ukaamka tena. Mwenye nacho huongezewa! Mgongo uliopinda ni wa kwake, uzee utakaolipwa ni wa Léa. Wiki mbili alikataa kumpigia simu. Na kama Léa angesema namba ni yake, je? Mwishowe karani wa depo alimwambia wazi kwamba bila Léa mwenyewe kuja kukana, jina halibadiliki.

Léa alifika na pikipiki ya asubuhi, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Léa!" karani aliita. Wakaitika wote wawili.

"Donc, museme wenyewe niandike: kati yenu ni nani anatumikaka hapa?"

Léa akamshika Kavuo mikono, akaiweka mezani karibu na ya kwake.

"Angalia. Hii yangu haijachambulaka kahawa hata siku moja. Kazi ni ya yaya, mukubwa wangu huyu."

Kavuo aliona aibu hadi masikioni. Karani akafuta, akaandika jina la Kavuo, akagonga muhuri.

Nje, Léa aliomba aione ile karatasi. Akaishika muda mrefu, akipitisha kidole juu ya namba.

"Yaya, weye ukizeeka hautaomba mutu. Miye, hata sabuni namuombaka bwana."

Kavuo alimtazama usoni. Jicho lile alilijua vizuri, maana ndilo alilokuwa amemkodolea Léa miaka arobaini.